Land Rover ya kale

Land Rover ya kale ni gari la wazi lililotengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya 1948 na 1985, katika matoleo matatu yaliyofuatana: Series I, Series II na Series III. Ilizaliwa bila paa la chuma. Ilikuwa na turubai juu, vipande vya juu vya milango vinavyochomoka, na kioo cha mbele kinachoweza kulazwa juu ya boneti. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita ni miongoni mwa magari machache ya umri huo ambayo mtu huyafanyia ukarabati na kuyauza ili yakafanye kazi, si ili yakatazamwe. Gari la wazi la kifahari la Kimarekani, ambalo mahali pengi duniani ndilo la kwanza kutajwa mazungumzo yakigeukia magari ya kale, halikupata makao huku. Sababu kubwa ni ardhi.

Asili

Land Rover yenyewe ina damu ya Kimarekani. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliomba viwanda viunde gari dogo jepesi linalosukumwa na magurudumu yote manne, na kabla Vita vya Pili vya Dunia havijaisha Willys-Overland na Ford walikuwa wametengeneza zaidi ya magari 600,000 ya aina hiyo, yaliyojulikana kama Jeep. Vita vilipokwisha, moja liliangukia mikononi mwa Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, aliyelitumia katika shamba lake kwenye kisiwa cha Anglesey. Mwaka 1947 akaamua kuunda la kwake. Sampuli ya mwanzo iliwekwa juu ya chasisi ya Jeep, na usukani wake ulikuwa katikati, kwa matumaini kwamba gari moja lingeuzwa katika nchi zinazoendesha kushoto na zile zinazoendesha kulia. Wazo hilo liliachwa haraka. Gari lenyewe lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, bei yake ikiwa pauni 450.

Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na njaa ya chuma, na kila kiwanda kilipewa kwa mgao. Aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi, kwa sababu viwanda vya ndege havikuihitaji tena kwa wingi. Ndiyo maana bodi ya Land Rover ni ya mchanganyiko wa aluminiamu, mabati bapa yaliyokunjwa kwa mashine rahisi na kufungwa kwa ribiti na bolti, huku chasisi na ukuta unaotenga injini na abiria vikibaki vya chuma. Rangi ya kijani ya magari ya kwanza nayo ilitokana na akiba ya jeshi. Kampuni ilidhani gari hili lingeipatia fedha kwa miaka michache tu, mpaka biashara ya magari yake ya kawaida irudi sawa. Badala yake likayapita yote kwa mauzo.

Marekani ilifika mahali palepale kwa njia nyingine. Chevrolet Corvette, gari la michezo la wazi la General Motors, ilianza kutengenezwa Flint, Michigan, mwezi Juni 1953. Mwaka huo yalitoka magari 300 tu, yote meupe, na bodi zake hazikuwa za chuma bali za faiba, kwa kuwa mashine za kugandamiza chuma ni ghali mno kwa gari linalotengenezwa kwa idadi ndogo. Kwa hiyo magari mawili ya wazi yanayotafutwa sana leo na wakusanyaji, moja la Kiingereza la shamba na moja la Kimarekani la anasa, yote yalikwepa bati la chuma kwa sababu ya gharama au uhaba. Yanafanana hapo tu. Corvette ya 1953 ilikuwa na injini ya lita 3.9 na gia mbili zinazojibadilisha zenyewe, na tumbo lake lilikuwa karibu na lami. Ford Thunderbird iliyofuata kwa mtindo wa 1955, na Ford Mustang iliyozinduliwa Aprili 1964, ziliundwa kwa barabara ileile. Zote usukani wake uko kushoto, na hilo peke yake ni kero katika nchi inayoendesha kushoto: dereva anayetaka kulipita lori kwenye barabara ya Tinde haoni mbele mpaka nusu ya gari lake iwe imeshaingia upande wa wanaokuja.

Ardhi ya Usukuma

Sehemu kubwa ya Shinyanga ni tambarare iliyokatwa na vilima vya mawe. Wakulima wa Kisukuma huitambua ardhi yao kwa matabaka, kuanzia mchanga mwepesi wa juu uitwao luseni hadi udongo mweusi wa bondeni, mbuga. Kiangazi mbuga hupasuka nyufa ambamo mguu wa ng'ombe huweza kuzama. Masika udongo huohuo huvimba, hufunga maji juu yake, na hunasa gurudumu kwa namna ambayo dereva akizidi kukanyaga mafuta ndivyo anavyozidi kuzama. Geita hupata mvua nyingi zaidi, na njia za kwenda machimboni zina miinuko ya mawe na udongo mwekundu unaoteleza.

Katika ardhi hiyo gari linahitaji vitu vitatu: kimo, magurudumu manne yanayosukuma, na gia nzito. Land Rover inavyo vyote. Katika Series II na III dereva ana vijiti viwili vya ziada pembeni mwa kijiti cha gia. Chenye kichwa cha njano kikisukumwa chini, magurudumu ya mbele huanza kusukuma pamoja na ya nyuma. Chekundu huingiza gia nzito, na kikitumika hayo ya mbele hujiunga yenyewe. Kwa hiyo gari lina gia nne za mbele zinazoweza kutumika kwa uzito au kwa wepesi, yaani nane kwa jumla. Katika gia nzito ya kwanza gari hutembea polepole kuliko mtu, na mwendo huo hasa ndio unaolitoa kwenye tope.

Kufika na kubaki

Gari lilitoka wakati Usukuma ilikuwa na kazi nyingi zisizo na barabara. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma ulianza 1947, ukiwa na malambo, ardhi mpya ya kilimo na maofisa wa mifugo wa kuzungushwa vijijini. Pamba ilikuwa ikipanda, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ulikuwa tayari mji wa mgodi wenye umeme na karakana zake. Geita nako kulikuwa na mgodi wa dhahabu uliofanya kazi hadi 1966. Serikali, ushirika, misheni na migodi ndio waliokuwa na fedha za kununua magari mapya, na kwa miaka mingi gari la kazi la kawaida kwa wote hao lilikuwa Land Rover. Wamisionari wa Kimarekani wa shirika la Maryknoll, waliofanya kazi Shinyanga tangu miaka ya 1950, walitoka katika nchi ya Corvette na Thunderbird, lakini hakuna Mmarekani mwenye akili timamu ambaye angepeleka Thunderbird Maswa mwezi Machi.

Kilicholifanya gari hili lidumu si ubora wake tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 Tanzania iliishiwa fedha za kigeni, na vipuri havikupatikana. Gari lililoharibika halikutupwa. Lilivuliwa vipande vikahamia gari jingine, na mafundi wa Shinyanga, Mwanza na Tabora wakajifunza kuchonga bushi, kujaza krenki iliyolika na kushona springi iliyovunjika kwa majani ya springi nyingine. Ufundi wa kukarabati Land Rover unaoonekana leo ulikomaa katika uhaba huo. Masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa kuanzia 1984, magari ya Kijapani yalianza kumiminika, na taratibu nafasi ya Land Rover ikachukuliwa na Toyota Land Cruiser, hasa ile ndefu ya kazi ambayo Watanzania huiita mkonga kwa ajili ya bomba lake la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo.

Dhahabu iliirudishia Land Rover maisha kwa mlango wa nyuma. Wachimbaji wadogo waliongezeka sana kuanzia miaka ya 1990, wakati migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu nayo ikijengwa na kufunguliwa mwaka 2000 na 2001. Migodi mikubwa hununua magari mapya. Mwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, la Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo hana uwezo huo, lakini ana mawe katika viroba yanayopaswa kutoka shimoni kwenda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, maji ya kuleta, magogo ya kuzuia kuta za duara, na vibarua wa kuwasafirisha. Pikapu ya zamani ya chasisi ndefu, iwe Toyota au Land Rover 109, huifanya kazi hiyo kwa mtaji mdogo. Namba 109 ni inchi, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, sawa na sentimita 277 hivi. Ndugu yake mfupi ni 88, karibu sentimita 224. Aina zilizofuata ziliitwa One Ten na Ninety, na tangu 1990 Defender, mpaka utengenezaji uliposimama tarehe 29 Januari 2016. Polisi wa Tanzania walizitumia kiasi kwamba hata leo gari la wazi la doria huitwa difenda, hata likiwa Toyota.

Ukarabati

Kosa la kawaida la mnunuzi ni kuiangalia bodi. Bodi ya aluminiamu haishiki kutu nyekundu, na ikipinda hunyooshwa kwa nyundo na gogo. Inaweza kung'aa huku chini yake chasisi ikiwa imeoza. Chasisi ni masanduku marefu ya chuma yaliyochomelewa kwa vipande, na kutu huanzia ndani, ambako tope la mbuga huingia kwenye matundu na kukaa na unyevu wake. Fundi anayejua kazi hulala chini ya gari akiwa na nyundo ndogo na kugonga urefu wote. Mlio mkavu ni chuma kizima, na mlio mzito uliokufa ni kutu. Sehemu za kwanza kuoza ni boriti ya nyuma inayobeba ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na miguu ya ule ukuta wa chuma nyuma ya injini. Aluminiamu nayo huliwa, lakini ni pale tu inapogusana na chuma kwenye unyevu. Hapo hugeuka unga mweupe, hasa kuzunguka bolti na kwenye kingo za milango. Kwa upande huu Shinyanga imependelewa. Hewa yake ni kavu na haina chumvi, na gari lililokaa huko miaka 40 mara nyingi lina chasisi nzima kuliko lililokaa Tanga au Unguja miaka 10.

Injini iliyodumu zaidi ni ya lita 2.25, ya petroli tangu 1958 na ya dizeli tangu 1961. Hadi 1980 krenki yake ilishikwa na beringi tatu, kisha tano. Yenye tano hustahimili zaidi, ingawa yenye tatu nayo huenda mbali kama mafuta yanabadilishwa kwa wakati. Udhaifu uliojulikana kote Afrika ni shafti za magurudumu ya nyuma, ambazo hukatika dereva anapoachia klachi kwa pupa gari likiwa limenasa. Ekseli nzito ya Salisbury iliyowekwa katika 109 za baadaye ilimaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo. Gia boksi ya Series I na II haina msaada wa kulainisha gia ya kwanza na ya pili, hivyo dereva asiyeizoea huisagisha. Series III ilipata msaada huo katika gia zote nne za mbele. Magari ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana umeme uliogeuzwa, yaani upande chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi, na fundi wa redio asiyejua hilo huunguza vifaa vyote kwa mara moja.

Ukarabati kamili huanza kwa kuvua bodi nzima mpaka chasisi ibaki tupu. Kazi hiyo katika Land Rover huhitaji spana, nguvu za watu sita na mti wenye tawi imara, kwa kuwa karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti. Sehemu zilizooza hukatwa na kuchomelewa vipande vipya, chuma hupigwa brashi na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, breki hubadilishwa kuanzia pampu hadi mabomba, na injini hufunguliwa yote. Turubai hushonwa upya na mafundi walewale wanaoshona matenti ya malori, na mara nyingi ndiyo sehemu inayotoka vizuri kuliko zote. Vipuri hutoka Gerezani jijini Dar es Salaam, Arusha ambako utalii umeiweka Land Rover hai, au Nairobi. Kenya iliwahi kuyaunganisha magari haya katika kiwanda cha Leyland kilichojengwa Thika katika miaka ya 1970, na hilo limechangia wingi wa vipuri upande huo wa mpaka.

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana. Mkarabati wa Kahama au Katoro akikuta injini ya asili imechoka, hulifungia gari dizeli ya Toyota, kwa sababu vipuri vyake vinauzwa kila senta na kila fundi anaijua. Gari hutoka likiwa na nguvu zaidi na likila mafuta kidogo. Kwa mnunuzi wa machimboni limepanda thamani. Kwa mkusanyaji limeshuka, pengine kwa nusu, kwani yeye hutafuta injini ileile iliyotoka Solihull, bomba lilelile la kabureta, hata bolti za kipimo cha zamani cha Kiingereza. Jirani wa karibu wa kipimo hicho ni Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya magari yaliyotunzwa yaliyoanza 1970 na ambayo hufanyika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako waamuzi hukagua mpaka chini ya gari. Arusha ilichagua sherehe ya aina nyingine: Oktoba 2024 iliandaa tamasha la Land Rover lenye lengo la kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 uliofanyika Ujerumani mwaka 2018. Huko lililotakiwa ni gari liwake na litembee.

Tofauti ya bei kati ya masoko hayo mawili ni kubwa mno. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ya Land Rover ilianza kuuza Series I ilizozikarabati kwa kufuata michoro ya asili, kwa bei iliyoanzia pauni 60,000 na kuvuka hapo, kwa gari lililouzwa pauni 450 lilipokuwa jipya. Mwenye duara hana haja ya kushindana na bei hiyo, na pikapu yake iliyochomelewa mara tatu isingeweza kuifikia. Mwenye gari la asili ambalo halijaguswa, hasa Series I ya inchi 80, angefanya vyema kumwuliza mjuzi kabla ya kumruhusu fundi kuleta grainda.

Kuuzwa

Magari haya huuzwa zaidi kwa mdomo: dalali, gereji, msikiti, kanisa, au kipande cha boksi kilichobandikwa kwenye kioo. Muuzaji makini huonyesha picha za kazi tangu chasisi ilipokuwa tupu. Asiyekuwa nazo huonyesha rangi. Rangi mpya nzito chini ya gari, hasa lami nyeusi iliyopakwa kila mahali, ni dalili ya kutilia shaka, maana huficha kutu na michomeleo. Jaribio la barabarani halitoshi kwa lami ya Shinyanga mjini pekee. Gari lipelekwe kwenye mchanga au shambani, vijiti vyote viwili vijaribiwe, na lipandishwe mlima kwa gia nzito kisha lishuke bila breki. Gia ikiruka yenyewe wakati wa kushuka, gia boksi inahitaji kufunguliwa.

Jambo la mwisho, na ndilo linalovunja mauzo mengi, ni kadi ya gari. Kadi hubeba namba ya chasisi na namba ya injini, na umiliki huhamishwa kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania. Katika Series II na III zenye usukani wa kulia, namba ya chasisi imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia, na mara nyingi imefunikwa na rangi na tope mpaka isuguliwe kwa brashi ya waya. Herufi iliyo mwishoni mwa namba huonyesha hatua ya mabadiliko ya muundo, hivyo mjuzi hutambua iwapo bodi, gia boksi na chasisi ni za kipindi kimoja. Gari lililojengwa kwa vipande vya magari matatu si ajabu katika mikoa hii, na si lazima liwe baya, lakini kadi yake huwa ya moja kati ya hayo matatu. Injini ikibadilishwa bila namba mpya kuandikishwa, mnunuzi hurithi tatizo hilo. Magari mengi pia yalinunuliwa kutoka ushirika, idara au mashirika yaliyokwisha kuvunjwa, na mlolongo wa hati kutoka mmiliki wa kwanza hadi wa sasa hukatika katikati.

Anayetaka kuliuza nje ya nchi ana vizingiti vingine. Kenya haipokei magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, na Uganda tangu 2018 imezuia yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania yenyewe haina ukomo wa umri kwa gari linaloingizwa, ila hutoza ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Kwa sababu hiyo kuagiza Mustang ya 1965 na kuifikisha Kahama kunawezekana kwa mwenye fedha, japo hesabu ya kodi huwa ndefu na kipande cha lami cha kuiendeshea ni kifupi.